Mramura wa Nyuma ya Jiko

Dodoma,
12 Januari 2025

Shangazi Sperancia,

Shikamoo. Naandika kwa mkono kama ulivyoamuru, ingawa vidole vimezoea kompyuta na utaona herufi zinavyopepesuka. Sisi tunaendelea. Mimba ya Vero imetimiza miezi mitano na huyo aliye ndani ameanza kurusha mateke, hasa mama yake akinywa chai. Yule mbuzi wako mwizi wa maharage bado yuko hai, au majirani wameshamalizana naye?

Kliniki walituuliza magonjwa ya ukoo wa pande zote. Upande wa baba nilijaza. Upande wa mama yangu nilipiga mstari. Mtu aliyeniacha nina siku tisa akavuka mto Kagera na wenzake, magonjwa yake nitayajulia wapi?

Sasa jambo lenyewe. Zile video kumi na moja ulizonipigia za kibanja, shamba letu la migomba, zimefanya kazi. Kibanja chetu chote kimeingia kwenye kompyuta, mgomba kwa mgomba, mpaka kamba yako ya kuanikia nguo. Mwanafunzi wa Kaisho au Bugomora atakaa darasani, atavaa miwani maalumu usoni, na hapo hapo atajikuta amesimama Nyakatuntu katikati ya migomba yako. Atatafuta wenye mnyauko, atakata ua dume kwa kijiti cha panda, atang'oa mgomba mgonjwa. Akisahau kupitisha panga kwenye moto, ataona kwa macho yake ugonjwa ukihamia shina la jirani. Mtoto anakosea, anajifunza, na hakuna mgomba wa kweli uliokufa. Shule sita zinaanza Februari.

Kitu kimoja tu. Kila ukifika nyuma ya jiko unageuza simu juu mbinguni, au ukutani. Pale pote pana tundu jeupe, ikabidi nipajaze mwenyewe. Kwa mbali nimeona mti mmoja wa mramura umesimama peke yake. Miramura ni ya mipaka, na pale hakuna mpaka, kwa hiyo nimeung'oa nikaacha uwanja mtupu. Kama nimekosea niambie.

Msalimie baba pale kaburini.

Mwanao,
Desderius

---

Nyakatuntu,
2 Februari 2025

Mwanangu Desi,

Marahaba. Barua yako ililala siku nane ofisi ya mabasi Kayanga chini ya gunia la mtu, imenifikia inanuka dagaa. Mwandiko wako umekuwa wa daktari. Nilikufundisha mwenyewe darasa la kwanza, kwa hiyo aibu ni yangu.

Hapa tu wazima. Mbuzi yupo na amezidisha dhambi. Saruji ya kaburi la baba yako imepata ufa kidogo upande wa miguu, nimeuziba. Migomba ya juu haijapata mnyauko, namshukuru Mungu, na panga langu linapita motoni kila siku bila kuvaa miwani.

Rudisha mramura wangu.

Nani alikuambia kila mramura ni wa mpaka? Umekulia hapa au ulipita tu? Ule niliupanda kwa mikono yangu kabla wewe hujaota jino. Siwekewi uwanja mtupu mahali nilipopanda kitu. Hilo halina mjadala.

Kuhusu Vero. Akishajifungua, ukimwona na homa, hata homa ndogo ya kuona aibu kuitaja, usiseme tungoje kesho. Usimsikilize yeye akisema nitapona. Usimsikilize mtu yeyote wa nyumbani, hata akiwa mwalimu. Mbebe saa ile ile mpaka hospitali. Hapo pasome mara mbili.

Kuhusu huo mstari wa kliniki, nilikuwa nimeandika kitu hapa nikakifuta. Usijisumbue kuinulia karatasi dirishani, nakujua.

Shangazi yako,
Sperancia

---

Dodoma,
16 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Niliinulia karatasi dirishani. Sikuona kitu, unafuta vizuri.

Miguu ya Vero imevimba lakini wanasema ni kawaida. Anauliza kama utakuja kumkanda baada ya uzazi. Nimemwambia mbuzi hakuruhusu.

Watoto wameanza kuingia kibanjani, na kuna jambo limetokea sijui nikwambieje. Ile sauti ya nyuma, yaani ndege, majani, jogoo wa jirani, niliichukua moja kwa moja kutoka kwenye video zako. Kompyuta inaipanga yenyewe kila sauti mahali ilipotoka. Mimi sikuisikiliza yote. Mwalimu Adelard, anayefundisha kilimo kule Kaisho, ndiye aliyenipigia simu. Anasema wanafunzi wakifika ule uwanja nyuma ya jiko wanasimama. Wote. Wanasikia mwanamke anasema, "Oraire ota?" Umelalaje. Halafu kimya kirefu, kama mtu anangoja. Halafu nyayo zinaondoka.

Ni wewe. Sauti yako siwezi kuikosea.

Watoto wa huko kwetu unawajua, mtu mzima akikuamkia hupiti kimya. Basi wanaitika. Adelard anasema darasa zima linaitika na miwani usoni, halafu ndipo wanaendelea na kazi. Kuna msichana wa kidato cha pili, Natukunda, aliandika kwenye daftari lake la mazoezi: "Bibi hatuamkii sisi. Anamwamkia mtu aliye chini, kwa sababu sauti inaelekea chini." Ni kweli. Nimepima. Siku ile ulikuwa umeinama.

Nilivaa miwani nikaenda kusimama pale. Nikakusikia. Sikuitika. Nikavua miwani nikaenda kununua vocha, halafu sikukupigia.

Mramura sijaurudisha. Kuna sababu. Shule zinataka watoto wafanye mara moja kwa mikono, kwenye kibanja cha kweli: shimo la mboji, na kando yake kitalu cha migomba safi. Adelard amechagua mahali pale pale, kwa kuwa wote wanapajua na ndipo penye nafasi. Ule mramura wa kweli tutaung'oa, haina shida. Kibanja baba aliniachia mimi, lakini sitaki kuamua bila wewe.

Ulikuwa unaongea na nani?

Desderius

---

Nyakatuntu,
6 Aprili 2025

Desi,

Marahaba. Mvua ni nyingi, maharage yanaoza. Baba Paroko amehamishwa. Vero nitamkanda, mbuzi atajua la kufanya.

Nilikuwa naongea na kuku.

Pale hapachimbwi. Pana siafu. Pana mawe pia, na moshi wa jiko utawaumiza watoto macho. Kama wanataka shimo, chini ya mikahawa pako wazi, udongo ni laini kama ugali. Mwambie huyo Adelard hivyo hivyo.

Hiyo sauti ifute.

Au ngoja, usiifute kwanza. Hao watoto wakiitika, wanasemaje?

S.

---

Dodoma,
25 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilikupigia mara saba simu haipatikani, kwa hiyo habari kubwa inakufikia kwa basi kama gunia. Tarehe 9 Mei Vero amejifungua msichana, kilo tatu na nusu, kichwa kimejaa nywele na sauti anayo.

Siku ya nne Vero aliniambia anasikia baridi. Nikamgusa, moto kidogo tu. Alisema ni uchovu, kesho atakuwa sawa. Mama yake naye akasema tungoje kesho. Nilikuwa nimeshakubali, Shangazi. Nilikuwa nimeshavua viatu. Ndipo nikakumbuka barua yako, nikavaa viatu tena. Tumelala hospitali siku sita. Daktari aliniita pembeni akasema, ungengoja kesho ungemzika mkeo.

Sasa hajambo, ananyonyesha. Lakini silali. Uliandika usimsikilize mtu wa nyumbani hata akiwa mwalimu. Pale kwetu mwalimu alikuwa mmoja tu.

Mtoto hana jina bado. Nakungoja wewe.

Kuhusu shimo: siafu nitawamwagia majivu, mawe vijana watayatoa. Chini ya mikahawa maji yanatuama, Adelard anaogopa. Atakuja na wanafunzi thelathini na mmoja Jumamosi tarehe 14 Juni, asubuhi. Nisamehe kwa kukuzidi nguvu. Unanipa sababu zisizo sababu, nami sina namna ya kuwaambia watu kwamba shangazi yangu hataki tu.

Wanaitika, "Nimelala salama."

Desderius

---

Nyakatuntu,
3 Juni 2025

Desderius mwanangu,

Mungu asifiwe kwa Vero. Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye kizingiti cha jiko mpaka kuku wakaingia kulala.

Mama yako hakuvuka mto.

Jina lake Tuyizere. Alikuja na wakimbizi waliovuka Kagera mwaka 1994, akapata kazi ya kuchuma kahawa kwetu, akawa anacheka na baba yako, na sisi tukajifanya hatuoni. Mwisho wa 1996 likatoka tangazo kwamba wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Alikuwa na mimba yako kubwa. Baba yako alikataa kumtoa. Tulimficha nyuma ya jiko, kwenye kibanda cha majani ya migomba, na wewe ulizaliwa humo tarehe 20 Desemba. Nilikupokea mimi. Ulikuwa huna nywele hata moja.

Siku ya sita alipata homa, kidogo tu. Siku ya saba baba yako Cleophace alitoa baiskeli, akafunga godoro nyuma, ampeleke zahanati. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa serikali, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nikasema wakituona tumemficha, nafukuzwa kazi na yeye anapandishwa lori hivyo hivyo anavyotetemeka. Nikasema tungoje kesho. Baba yako akasukuma baiskeli. Nikasimama mlangoni, nikashika nguzo mbili, hakuweza kupita bila kuniangusha. Hakuniangusha. Hiyo ndiyo hasira aliyokufa nayo.

Siku ya tisa alfajiri alikufa. Hatukulia. Ukilia watu wanakuja, na wakija wanauliza. Hakukuwa na padre, hakukuwa na matanga. Nilikuziba wewe mdomo kwa kanga baba yako anafukia. Watu wote walikuwa wanaondoka mwezi ule, kwa hiyo tuliposema ameondoka na wenzake, nani angeshangaa? Nikapanda mramura, kwa sababu ukiukata unachipua.

Kila asubuhi namwamkia. Namngoja aitike, kwa adabu, halafu naenda kazini. Miaka ishirini na nane.

Baba yako kabla hajafa aliniomba alazwe karibu na mramura ule. Wazee waliponiuliza kwa nini pale, nikanyamaza. Wakamlaza juu, kwenye saruji. Ile ya mlangoni ni dhambi yangu ya kwanza, hiyo ni ya pili.

Ulipokuwa mdogo ukisema mama yangu ni mtu mbaya, niliacha useme. Nilipenda ukinishika shingo. Nilijua ukijua, utaiachia. Hiyo ni ya tatu na ndiyo kubwa.

Shimo sitalizuia. Nilizuia mlango mara moja, sina ruhusa ya kuzuia tena. Yule ni mama yako na kibanja ni chako. Wewe ndiye wa kumwambia Adelard chimba au usichimbe. Simu nimeizima, naogopa neno lako la kwanza. Barua hii naipeleka mwenyewe kwa miguu yangu mpaka ofisi ya mabasi Kayanga.

Jina la mtoto si mimi wa kulitoa.

Sperancia

---

Dodoma,
19 Juni 2025

Shangazi,

Barua yako nimeipata leo. Leo, tarehe 19. Basi liliharibika njiani, mzigo ukahamishwa, ukakaa Kahama.

Tarehe 14 jioni Adelard alinitumia ujumbe: "Kazi imekamilika. Futi sita." Nikamjibu asante.

Shangazi, nilimjibu asante.

Nimempigia sasa hivi. Nimemuuliza shimo liko wapi, mlikuta nini. Akasema, "Muulize mwenye kibanja," na sauti yake haikuwa ya kawaida. Nikamwambia mwenye kibanja ni mimi. Akasema, "Hapana kaka, muulize mama," akakata.

Simu yako bado imezimwa. Barua hii nimeitia mikononi mwa dereva mwenyewe. Andika neno moja tu. Umemweka wapi?

D.

---

Nyakatuntu,
26 Juni 2025

Mwanangu,

Yupo pale pale. Hajaguswa. Shusha roho, mwite Vero asome na wewe.

Nilingoja jibu lako mpaka Ijumaa. Halikuja. Nikasema moyoni, amejua, na kimya chake ndiyo jibu, kwamba wachimbe nami nione. Nikaona ni haki. Jumamosi nikaamka, nikaoga, nikavaa gauni la Pasaka, nikaweka kigoda karibu na mramura.

Wakaja, majembe begani, wanaimba. Adelard ni kijana mpole, ana kovu shavuni. Akanionyesha mahali. Nikamwambia chimbeni, mwenye kibanja ameruhusu, ila mniache kwanza nimwamkie mtu.

Nikainama. Nikasema, "Oraire ota?" Nikangoja kama siku zote.

Wakaitika. Wote thelathini na mmoja, nyuma ya mgongo wangu, kwa sauti moja kama kanisani. "Nimelala salama."

Desi, miaka ishirini na nane nimeuliza lile swali, sijapata kuitikiwa. Nikakaa chini kwenye udongo, na kilio tulichokizuia mwaka ule kikatoka. Nililia kama anavyolia mtu mwenye msiba. Wasichana wakaanza kulia pia, bila kujua wanamlilia nani, kama ilivyo kwetu ukikuta kilio. Majirani wakasikia, wakaja mbio na wakashika vichwa. Mama Akankwasa akaniuliza, "Nani amekufa?"

Nikasema, "Tuyizere, mke wa Cleophace. Mama yake Desderius."

Hakuna aliyeuliza lini. Wakakaa chini. Wanawake wakaingia jikoni kumenya ndizi, wanaume wakawasha moto, na yule mtoto Natukunda akaweka jembe lake chini, akaanzisha sala. Matanga yamekaliwa siku tatu. Wengine walikuwa wanajua, nimegundua. Mzee Muhwezi aliona kibanda siku zile na hakusema kwa mtu.

Shimo limechimbwa chini ya mikahawa. Adelard amelizungushia mfereji, maji hayatuami. Futi sita, kazi nzuri. Nilimwapisha asikwambie lolote mpaka niandike mwenyewe, kwa maana nimeshakunyima habari hii maisha yako yote na nilitaka itoke kwangu.

Yale ya mlangoni yapo vile vile. Sikuombi kitu. Simu nimeiwasha.

Sperancia

---

Dodoma,
3 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Simu naiona imewaka. Sijapiga, kwa sababu sijui nitasema nini nikisikia sauti yako. Nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Halafu namwangalia Vero anamnyonyesha mtoto, na najua kwamba yupo kwa sababu ya mistari minne uliyoandika Februari. Vyote viwili vinakaa kwangu pamoja, sijui kimoja kitakitoa kingine lini. Nimeona ni afadhali nikwambie hivyo kuliko kukudanganya.

Nimerudi kliniki nikaomba lile faili. Nimefuta mstari.

Mramura nimeurudisha kwenye kibanja cha watoto, mahali pake, na kimo chake. Sauti yako nimeiacha. Adelard anasema shule mbili zimeongezeka, na watoto wapya wanafundishwa na wa zamani: ukifika nyuma ya jiko, simama kwanza. Mimi kwenye miwani sijaitika mpaka leo. Kule unamwamkia yeye.

Tunakuja na mtoto. Tutafika kwako Ijumaa tarehe 11 jioni. Tutakula, tutalala, sitakuuliza kitu.

Jumamosi asubuhi usiende nyuma ya jiko. Usimwamkie. Niachie mimi.

Desderius wa Tuyizere